Nililipia kupanda ndege mapema: uzoefu wangu

Shirika lenyewe silitaji, maana huduma hii siku hizi inauzwa na mengi kwa sura ileile: unaongeza hela kidogo wakati wa kukata tiketi, kadi yako ya kupandia ndege inaandikwa kundi la 1, na getini unaitwa kabla ya wengine. Nimeitumia kwenda na kurudi, nikitokea Dar. Naipa nyota 2 kati ya 5.

Kwenda haikuwa mbaya. Jengo la Terminal 3 la uwanja wa Dar, lililofunguliwa mwaka 2019, lina madaraja ya kukuingiza ndegeni moja kwa moja, kwa hiyo aliyetangulia getini ndiye anayetangulia kwenye siti. Kazi ilikuwa kulifikia hilo geti. Mhudumu hajashika hata maiki, abiria wote wameshasimama, na sisi wa kundi la 1 tunapenya kwa "samahani, naomba kupita" huku tunasonywa. Kabla ya hapo mama mmoja aliniona nimekaa, akanihurumia.

"Mwanangu, mbona umekaa? Hutaachwa?"

"Hapana mama, siti ina namba."

"Hata ya basi ilikuwa na namba, nikamkuta mtu kakaa."

Sikuwa na jibu.

Kurudi ndiko nilikoona hela ikiyeyuka. Ndege ilipaki mbali, tukapelekwa kwa basi. Kundi la 1 tukaingia kwanza, tukasukumwa mpaka ndani kabisa, basi likasubiri lijae. Kufika kwenye ngazi milango ikafunguka, wakashuka kwanza wale wa kundi la mwisho waliobanwa mlangoni. Yaani nilipanda nyuma ya watu niliolipa ili niwatangulie! Nikamuuliza mhudumu, akacheka tu, naye kwa kweli hana kosa.

Kitu pekee unachonunua hapa ni nafasi ya begi juu ya siti. Huo ndio mzizi wa foleni yote: mtu mmoja anahangaika kupachika begi, njia nzima imeziba. Mwanafizikia Jason Steffen alilipigia hesabu jambo hili mwaka 2008, akapendekeza wa dirishani waingie kwanza, tena kwa kurukana safu ili kila mmoja apate pa kusimama. Walipoijaribu mwaka 2011 kwa abiria 72, ilichukua chini ya dakika 4. Kuingia kwa makundi ya safu, zaidi ya 6. Shirika la ndege la United la Marekani tangu Oktoba 2023 linawatanguliza wa dirishani kwenye daraja la kawaida, ingawa waliolipia bado wanaingia mbele yao. Wenzao wa American Airlines nao mwaka 2024 walianza kutumia mashine inayolia ukileta kadi kabla kundi lako halijaitwa. Hiyo ningefurahi kuisikia ikilia huku kwetu.

Kama una begi la mgongoni linaloingia chini ya siti, usilipe. Kaa, foleni ikiisha inuka. Kama una begi la magurudumu na ndani mna kompyuta, usinunue mapema. Mashirika mengine yanaiuza hadi siku ya safari, kwa hiyo waulize kwanza pale kaunta kama ndege inapandiwa kwa daraja au kwa basi. Wakisema basi, hela yako kanunulie chai.