Maji ya mgao: ununue chombo gani kwanza?

Mto Ruvu ulipopungua mwaka 2022, mgao ukaanza Dar es Salaam, na uani kwetu bomba lilikuwa linatoa maji saa nane usiku. Kila mpangaji aliamka na alichonacho, wengine na masufuria. Kwa anayeishi chumba kimoja au viwili, mimi ningenunua kwa mpangilio huu.

1. Madumu ya lita 20. Watu watano wakijibana kwa lita 20 kila mmoja, wanamaliza madumu matano kwa siku. Anza na hayo matano, uongeze kadiri mgao unavyokawia. Dumu linafungwa, linabebeka hadi kwenye foleni, na ukihama unahama nalo. La njano lililotoka na mafuta ya kula linafaa. Lililobeba kemikali usilichukue hata ukipewa bure. Kagua shina la mpini, maana hapo ndipo linapoanza kupasuka. Kisha omba maji ya moto kidogo, mimina, funga, subiri, nusa. Likinuka, mrudishie mwenyewe. Nyumbani lioshe kwa kokoto ndogo na sabuni, utikise hadi ule utelezi wa kijani utoke.

2. Ndoo ya koki yenye mfuniko. Hii ni ya maji ya kunywa tu, yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Hakuna kuchota kwa kikombe, kwa hiyo mikono ya watoto haifiki ndani.

3. Pipa au diaba. Lita nyingi kwa bei nafuu, lakini usinunue lisilo na mfuniko. Mbu wa dengue hutaga kwenye maji safi yaliyotulia, na Dar ilishaugua dengue mwaka 2014 na 2019. Mayai yanang'ang'ania ukutani, juu kidogo ya maji, hivyo kubadilisha maji hakutoshi: sugua kuta kila wiki. Na mtoto anayetambaa asiachwe karibu nalo hata dakika moja.

4. Simtanki. Nimeliweka mwisho kwa sababu presha ya mgao mara nyingi haifiki juu, utahitaji pampu na umeme. Lita 1,000 ni tani nzima, kwa hiyo lijengewe msingi wa zege. Chagua jeusi, mwanga usioteshe ukijani ndani. Wapangaji mkichangishana, andikeni kabla ya kulipa: anayehama anarudishiwa kiasi gani, na nani.