Barakoa ya 3M 6200 na vichujio vya 2091 kwa wachomeleaji wa Katwe, Kampala

Barakoa za kitambaa huzuia vumbi la msasa, si moshi wa kuchomelea. Chembe nyingi za moshi huo hazifiki hata mikroni 1, kwa hiyo hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa mapafuni. 3M 6200 ni barakoa ya mpira inayofunika pua, mdomo na kidevu. Ikivishwa vichujio vya 2091, vya daraja la P100, hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe.

Anayechomelea stenlesi aivae; hapo hatuoni cha kubishania. Moshi wake una kromiamu, nikeli, manganizi na chuma kwa pamoja, na madhara yake hujumlikana. Kromiamu 6, aina yake iliyo hatari, huingia kwenye seli ya pafu kupitia njia zinazopitisha salfeti, kisha huharibu DNA; nikeli nayo huzuia vimeng'enya vinavyoirekebisha. Mmoja anabomoa nyumba, mwenzake anamzuia fundi mlangoni. Kwa hiyo usitulie kwa kuwa kila metali iko chini ya kikomo chake, yaani kiasi kinachoruhusiwa hewani: gawanya kila kipimo kwa kikomo chake, ujumlishe, na jibu likizidi 1 hewa hiyo haifai. Rodi za stenlesi ndizo mbaya zaidi. TIG, yaani kuchomelea kwa ncha ya tungsteni na gesi, hutoa kromiamu 6 kidogo.

Kuchomelea mabomba ya galvanaizi, yaliyopakwa zinki, huleta homa ya zinki, inayoanza saa kadhaa baada ya kazi, mtu akiwa ameshafika nyumbani, na kutetemeka kwake hudhaniwa malaria. (Maziwa, ambayo mafundi huyaamini sana, huenda tumboni, si mapafuni.)

Saizi: 6200 ni ya kati, 6100 ndogo, 6300 kubwa. Ukishaivaa, ipime: ziba vali ya kutolea pumzi kwa kiganja, pumua nje taratibu. Hewa ikitoroka mashavuni, kaza mikanda upya. Kisha bonyeza katikati ya vichujio kwa vidole gumba, vuta pumzi: mpira unapaswa kunywea kidogo. Ndevu huharibu yote haya.

Kasoro yake ni kwamba vichujio vimetokeza pembeni, hugongana na baadhi ya helmeti, na cheche huvitoboa. Kilichotoboka, au kinachofanya pumzi iwe nzito, kitupwe; usikipulize kwa kompresa wala kukiosha, nyuzi zake huharibika. Mpira wenyewe uoshwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, pamoja na kijiwambo cha vali, maana uchafu kidogo tu hapo huacha moshi uingie.

Barakoa hii haizuii gesi za ozoni wala monoksidi ya kaboni, na haileti oksijeni. Ndani ya tangi, hii siyo barakoa ya kutumia. Unaponunua, tafuta maandishi NIOSH (taasisi ya Marekani inayoidhinisha barakoa za kazini) na P100 kwenye kichujio chenyewe, si kwenye boksi tu.