Picture Style za Canon ukipiga RAW: uzoefu wangu na EOS 6D

Napiga harusi kwa Canon EOS 6D, na karibu kazi zote ni RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaipika. Wenzangu wengi huniambia ukishachagua RAW, Picture Style, yaani mpangilio wa kamera wa rangi na kontrasti (tofauti ya mwanga na giza), haina maana. Kwenye faili ni kweli: piga kwa Monochrome, kioo cha kamera kikuonyeshe nyeusi na nyeupe, ukifika kwenye kompyuta rangi zote zimo.

Tatizo liko kwenye kioo. Kinachoonekana pale ni JPEG (picha iliyo tayari kutazamwa) inayobebwa ndani ya faili, tayari imepikwa kwa Picture Style uliyochagua. Histogramu (grafu ya mwanga wa picha) na lile onyo la kumetameta kwamba mwanga umezidi vinasoma JPEG hiyo, siyo RAW. Sasa chukua bibi harusi mwenye ngozi nyeusi, shela jeupe, jua la saa nane mchana. Kwenye Picture Style ya Landscape, au Standard iliyoongezwa kontrasti, shela linametameta mapema. Unapunguza mwanga, shela linatulia, uso wake unazama gizani. Ukiunyanyua baadaye, chenga (vidoa vya punje punje) zinajaa mashavuni. Na nakshi za shela huenda zilikuwemo kwenye RAW tangu mwanzo!

Ndiyo maana Picture Style yangu inakaa Neutral, kontrasti nimeishusha hadi mwisho. Picha kiooni inaonekana imepauka, na mteja akitaka kuchungulia inabidi umweleze. Lakini onyo linakaribia zaidi hali halisi ya faili, nami nathubutu kuupa uso mwanga unaoustahili.

Kwenye kuhariri, programu ya Digital Photo Professional ya Canon ni ya bure, na inafungua picha kwa Picture Style ileile. Lightroom, programu ya Adobe, huanza na profaili (mpangilio wa rangi) yake ya Adobe Color, ndiyo maana rangi hubadilika ghafla picha ikifunguka. Humo kuna profaili za Camera Standard, Camera Portrait na Camera Neutral, ambazo Adobe walizitengeneza kuigiza za Canon. Tangu 2020 Lightroom Classic unaweza kuiagiza ifuate mpangilio wa kamera. Kwa ngozi ya maji ya kunde naipenda sana Camera Neutral, wekundu hauzidi.

Highlight Tone Priority, mpangilio wa kamera wa kulinda sehemu zenye mwanga mkali, usiichanganye na haya. Yenyewe inapunguza mwanga kwenye RAW kweli, na ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) inaanzia 200. Shela juani inalisaidia. Ukumbini, taa zikiwa hafifu, naizima.