Fundi wa ngoma wa Tengeru, kwa wenzangu mnaofundisha ngoma na maigizo

Wenzangu mnaofundisha maigizo na ngoma huku Arusha na Moshi, iwe chuoni iwe sekondari, hii naiandika kwa ajili yenu. Nimepata fundi wa ngoma. Nasema fundi, sio muuzaji, maana huyu mzee anachonga mwenyewe na kuwamba mwenyewe, yuko Tengeru, na nimesubiri mwaka mzima upite ndo niandike kwasababu ngoma ikiwa mpya zote zinalia vizuri, shughuli inaanza mvua zikija na darasa la watu 30 likishaipiga miezi kadhaa.

Mi nafundisha sanaa za maonyesho kwenye chuo kimoja hapa mjini. Nilipoanza kazi nilikuta stoo ina spika moja kubwa na fleshi iliyojaa ngoma za makabila, basi, hivyo ndo vifaa vya somo. Na mi nikaendelea navyo mihula miwili, kitu ambacho najutia mpaka leo. Kuna binti alikuwa anajua sindimba, ile ngoma ya Wamakonde, yote, hatua kwa hatua, kiuno kinazunguka vizuri kabisa, siku moja umeme ukakatika katikati ya kipindi, akasimama. Sio yeye peke yake, darasa zima lilisimama, wengine mguu uko juu, wote wanaangalia spika. Nikawaambia endeleeni, mmoja apige makofi wengine mcheze, hawakuweza. Walikuwa wamekariri rekodi, ngoma yenyewe hawajajifunza.

Hapo ndo nilielewa walichokuwa wanakisema walimu wetu wa chuo cha sanaa Bagamoyo kila siku. Mpigaji anaangalia miguu ya mchezaji, mchezaji anasikiliza mkono wa mpigaji, ni watu wawili wanaongea. Mpigaji akitoa ishara mnageuka, mchezaji akipandisha ngoma inapanda naye. Fleshi haimuoni mtu, ukichelewa inakuacha na ukiwa na jambo la kuongeza haikusikii. Kile chuo kilianza 1981 na kilitokana na kundi la ngoma la taifa, kwahiyo walimu wale wa mwanzo walikuwa watu wa jukwaani, walifundisha na ngoma iko mapajani. Mi nimesoma pale halafu nakuja kufundisha watoto wa watu kwa spika, roho iliniuma sana.

Nikaenda kutafuta ngoma. Kosa langu la kwanza ni kununua kwenye duka moja la vinyago mjini, silitaji, nilipigwa 120,000 kwa ngoma moja imepakwa vanishi inang'aa, ina twiga amechorwa pembeni. Wiki ya pili ngozi ikachanika mkononi mwa mwanafunzi. Tulipoifungua tukakuta ngozi imepigiliwa kwa misumari midogo, imeshaanza kutu na kutu ndo iliyokula ngozi kuzunguka ukingo, na ndani ya mzinga, yaani lile gogo la ngoma lililotobolewa, mbao ni nene upande mmoja kuliko mwingine. Kurudi pale naambiwa kitu kikishatoka dukani hakirudi. Ngoma ya kupamba sebule ni sawa iuzwe, ila mnunuzi aambiwe.

Huyu mzee nilielekezwa na mama anayeuza ndizi Tengeru sokoni. Hana kibao, hana jina la duka, ukishuka na kifodi (daladala ndogo) pale sokoni ulizia tu fundi wa ngoma utapelekwa, ni mwendo wa dakika kama 15 kwa mguu kuingia ndani kwenye mashamba ya kahawa na migomba. Nenda Jumatano au Jumamosi siku za soko, siku zingine unaweza usimkute. Nilimwamkia nikamwambia shida yangu, nikategemea atanitajia bei, yeye akaniuliza, "Mwanangu, unataka ya kupiga au ya kuangalia?" Nikasema ya kupiga mzee, ni ya kufundishia. Akauliza tena, wanaopiga ni wakubwa au watoto, wanatumia viganja au fimbo, mtapigia ndani au nje. Hakuna mtu alikuwa ameshawahi kuniuliza hayo maswali, na sijui kwanini mi mwenyewe sikuwa nimejiuliza.

Mbao yake ni mringaringa, ule mti mnaouona unatia kivuli kwenye kahawa huku Meru na Kilimanjaro, ndo huohuo watu wanachongea mizinga ya nyuki. Unachongeka vizuri ila ukiukausha haraka unapasuka, kwahiyo akishatoboa gogo analipaka mafuta na kuliweka kivulini wiki nyingi ndo alirudie. Ngozi ya mbuzi anaweka kwenye ngoma ndogo kwasababu ni nyembamba inatoa sauti kali ya juu, ya ng'ombe anaweka kwenye kubwa. Anaichukua mbichi machinjioni, ya chumvi haitaki kabisa, anasema chumvi inavuta unyevu na ngoma italala kila asubuhi.

Siku ya kuwamba niliomba niwepo, nikaenda na wanafunzi wangu wanne. Ngozi ililala kwenye maji usiku kucha, akaitoa imelainika kama kitenge kilicholowa, akaitandaza juu ya mdomo wa mzinga. Halafu vigingi vya kushikia ngozi. Akitia kimoja huku anavuta anakwenda kutia cha upande wa pili unaotazamana nacho, hafuati mstari, anavuka anarudi anavuka anarudi, na kila akimaliza jozi anaweka kidole katikati anabonyeza anasikiliza. Mwanafunzi akamuuliza babu kwanini usizunguke tu, akajibu ukizunguka ngozi yote itakimbilia upande mmoja. Wote tunaujua ule msemo wa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, lakini siku ile ndo niliuona kwa macho, na huyu mzee alikuwa anaivuta kwa pande zote sawa. Baada ya hapo kivulini siku tatu, hajaruhusu mtu kuigonga.

Bei sasa. Kubwa ya ngozi ya ng'ombe 180,000. Za kati 95,000. Ndogo 65,000. Kuwamba upya ngoma yako ya zamani 25,000 ngozi ikiwa yake. Mi nimechukua kubwa moja na za kati mbili, na kuna mbili nyembamba katikati nilimwomba anichongee kwa ajili ya muheme. Hizo mbili ndo zimenibadilishia darasa kuliko zote. Mabinti wangu walikuwa kila tukianza kipindi wanakaa upande wa kucheza na ngoma wanawaachia wavulana, wanaona ni kazi ya kiume. Muheme wa Wagogo ngoma wanapiga wanawake, wanazibana kati ya mapaja na kucheza nazo hapohapo. Nilipozileta nikasema leo mvulana hagusi, mabinti wakacheka wakaona aibu, dakika 40 baadaye siwezi kuwatoa. Sasa hivi mpigaji wangu bora chuo kizima ni msichana wa mwaka wa pili.

Kuna kijana Mwarusha, anatokea Oldonyosambu, alikuja akaniambia, "Madam, kwetu hatuna ngoma, sasa mi nitafanyaje?" Ni swali la maana sana na wengi wetu tunalikwepa. Kwa Wamasai na Waarusha koo ndo ngoma, ile sauti nzito ya chini wanayoishikilia wenzako huku wewe unaruka, na shingo inajibu. Nikamwambia akae katikati afundishe wenzake kushikilia pumzi, halafu ngoma kubwa ikaingia polepole chini yao kwa mapigo machache sana. Sio mila ya mtu, ni zoezi la darasani, na niliwaambia hivyo wazi wasije wakalipeleka jukwaani na kuliita la Wamasai. Lakini lilifungua masikio. Ukiwa na ngoma ya kweli unaweza kuifanya inyamaze imsikilize mtu. Spika utaizima tu.

Mwalimu Nyerere Desemba 1962 alilihutubia Bunge akauliza wangapi wetu tunajua kucheza rumba na chachacha lakini ngoma zetu kama gombe sugu na lele mama hata hatujawahi kuzisikia. Kila mwaka wiki ya kwanza nawauliza wanafunzi wangu swali lake hilohilo, naweka amapiano badala ya rumba. Mikono inayonyanyuka kwa gombe sugu sijawahi kuona ikizidi miwili.

Mapungufu yapo na lazima niyaseme. Huyu mzee hana haraka, aliniambia wiki 3 zikawa 7, na simu yake anapokea mjukuu jioni tu. Ukiwa na onyesho la tarehe fulani agiza miezi 3 kabla. La pili, hana risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, atakuandikia kwenye karatasi, na kama chuo chenu ni kama changu mhasibu hataigusa hiyo karatasi. Mi nililipa mfukoni mwangu na nilirudishiwa baada ya miezi 4 na barua mbili. Ongeeni na uhasibu mapema kabla hamjaenda. Usafiri nao, konda alinitoza siti mbili za ziada kwa ngoma kubwa, kwahiyo kama ni zaidi ya moja kodisheni toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu.

Utunzaji pia nauweka hapa maana mzee alinisisitizia na nimeuona ukweli wake. Msiziweke chini kwenye sakafu ya simenti, unyevu unapanda, ziinueni juu ya ubao. Msiziache kwenye buti ya gari juani, ngozi itachanika bila kuguswa na mtu. Juni na Julai Arusha asubuhi ngoma inalia kama boksi, na hamna ubovu wowote pale, ni baridi. Washa moto mdogo wa nyasi au karatasi, ishike mbali huku unaizungusha, gonga, sikiliza, sauti ikishapanda ondoa. Siku ya mtihani wa vitendo mwaka huu wanafunzi waliamka saa 12 wakawasha moto nyuma ya kantini bila kuambiwa na mtu, nimefika nakuta watano wamezunguka ngoma kubwa, mmoja ameegemeza sikio kabisa kwenye mbao, anawanyamazisha wenzake kwa mkono. Nilisimama pale nikashindwa hata kuwasalimia.

Baada ya mwaka: vigingi vyote viko imara, ngozi moja ya mbuzi imechanika na aliiwamba upya kwa 25,000 bila maneno, mzinga hakuna hata mmoja uliopasuka. Nampa nyota 4, ya tano nimeizuia kwa ajili ya zile wiki 7.

Nimeshaagiza nyingine kubwa, ya bugobogobo, ile ngoma ya Wasukuma inayochezwa na majembe, wanafunzi wameshanunua na majembe. Nilipita wiki iliyopita kuangalia, akanionyesha gogo liko chini ya mgomba limefunikwa gunia, akasema bado bichi, nirudi mvua zikikatika.