Ngome ya John Brown, Harpers Ferry: nyota nne kutoka kwa mwashi

Mimi ni mwashi. Nimeanzia Tanga, sasa nalaza matofali Maryland, na nikipelekwa kwenye jengo la kale macho huanza na kona na chokaa, maelezo ya ubaoni baadaye. Mpwa wangu ndiye aliyeng'ang'ania twende Harpers Ferry, West Virginia, kimji cha watu wasiofika 300 pale mto Shenandoah unapoingia Potomac. Tulipofika mbele ya ngome akanigeukia: "Mjomba, ndiyo hii tu?"

Ndiyo hiyo. Chumba cha matofali ya kuchoma, hakina ghorofa, kama mita 11 kwa 7, milango mitatu mipana yenye matao, na kimnara cha kengele juu ya paa. Kilijengwa 1848 ndani ya kiwanda cha bunduki cha serikali ya Marekani kuwa banda la pampu za kuzimia moto, na upande mmoja chumba cha walinzi. Hawakubania: paa la vigae vya mawe, mifereji ya shaba. Kwa banda la pampu!

Kiwanda kilitoa silaha zaidi ya 600,000 kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kukimaliza 1861. Katika majengo yake yote, hili ndilo lililonusurika. Sifa lilikwishapata usiku wa Oktoba 16, 1859, John Brown, Mmarekani mweupe aliyepinga utumwa, alipoingia mjini na wenzake, weupe kwa weusi, kuteka silaha ili watumwa wajikomboe. Alizingirwa, akajifungia humu na mateka, wakatoboa matundu ukutani ya kupitishia mitutu. Asubuhi ya tarehe 18 askari wa serikali chini ya Kanali Robert E. Lee waliuponda mlango kwa nyundo, ukagoma. Wakabeba ngazi nzito, wakaupiga nayo kwa kishindo mpaka ukapasuka. Brown alinyongwa Desemba 2.

Kilichonikalisha pale muda mrefu ni yaliyolipata jengo baada ya hapo. Watu walimega matofali wakaenda nayo kama kumbukumbu. Kengele ilichukuliwa na wanajeshi wa Kaskazini, upande wa serikali katika vita vile, na mpaka leo iko Marlborough, Massachusetts. Mwaka 1891 jengo likauzwa, likabomolewa, likasafirishwa Chicago kwa maonyesho ya dunia ya 1893, na katika siku kumi likaingiza watazamaji 11. Kumi na mmoja! Likarudishwa 1895, likasimamishwa shambani nje ya mji. 1909 likahamia Chuo cha Storer, kilichosomesha watu weusi. 1968 likateremshwa hapa lilipo. Hapa napo si penyewe, maana kiwanja chake cha kwanza kimefukiwa na tuta la reli. Kuna mnara wa jiwe unaoonyesha mahali.

Anayejua kazi hii anaelewa hasara yake. Kila ukibomoa, tofali linavunjika ncha, linabaki na chokaa kavu, na hesabu haitimii tena. Zaidi ya hapo, waliolijenga upya walifuata picha iliyogeuzwa, kwa hiyo kulia kumekuwa kushoto. Nyota niliyoipunguza ni ya fundi huyo. Hata kama mchoro umekosewa, si unauliza wazee waliokuwepo?

Mpwa akasema basi si jengo lenyewe. Mimi nasema ni lenyewe. Agosti 1906 wanaharakati weusi wa Vuguvugu la Niagara, lililodai haki sawa, mwanazuoni W.E.B. Du Bois miongoni mwao, walitembea alfajiri kutoka Storer hadi shambani lilikokuwa wakati huo, wakavua viatu kabla ya kulikaribia. Wao hawakuuliza kama matofali yamepangwa kwa mpango wa 1848.

Kwa anayepanga kwenda: kiingilio kilikuwa dola 20 kwa gari zima, unaacha gari juu kwenye kituo cha wageni, basi linakuteremsha mjini. Ndani ya ngome ni dakika kumi, hakuna vitu vingi, kwa hiyo tenga saa zako kwa kuzunguka nje. Chakula beba chako; sambusa nne za mke wangu zilituokoa na bei za mjini. Na vaa viatu visivyoteleza, kwani ngazi za kupanda kanisa la Mtakatifu Petro zimechongwa kwenye mwamba wenyewe, na miguu ya watu imezilainisha.