Kitanuru cha dola 140: kinayeyusha, hakisafishi!

Jambo sana, ba mama, ba papa, bayaya wote wa Bukavu, na ninyi mnaonitazama ng'ambo ya Ruzizi kule Kamembe. Leo nina hasira kidogo, msinikimbie.

Hiki hapa mezani ndicho kile kitanuru cha umeme cha kuyeyushia dhahabu mnachoniuliza kila siku. Volti, wati, rangi, hayo yote yako kwenye katoni. Kinafika nyuzi 1,150, dhahabu inayeyuka kwenye 1,064, basi, imetosha. Nimekilipa dola 140, na muuzaji aliniapia: "Tia mkufu uliokatika, utoe dhahabu safi." Dhahabu safi! Ngoja niwaonyeshe.

Sogeza kamera. Huu ni mkufu uliokatika, na hereni iliyopoteza mwenzake. Vyote vina mhuri wa 750: katika sehemu elfu, 750 ni dhahabu, zilizobaki ni shaba na fedha. Karati 18. Vijiwe nimeshavitoa. Mizani inasema gramu 6.20. Sasa naweka glasi ya maji juu ya mizani, narudisha sifuri, kisha nauzamisha mzigo wangu ukining'inia kwa uzi. Usiguse chini, usiguse ukingo, na viputo vya hewa uvitikise vitoke. Mnaona? 0.40, ndio uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya 6.20 kwa 0.40, unapata 15.5, yaani mzigo huu ni mzito mara 15.5 kuliko maji ya ukubwa uleule. Dhahabu tupu ingekupa 19.3, shaba haifiki hata 9. Kwa hiyo 15.5 ni karati 18 halali kabisa. Hesabu hii haihitaji umeme wala ruhusa ya mnunuzi. Tungsteni, metali nyingine nzito, ndiyo hasa inayoweza kuidanganya, maana uzito wake na wa dhahabu karibu ni mmoja.

Sasa naingiza ndani ya kikombe cha kuyeyushia, na boraksi, unga wa kukusanya uchafu, kidogo kama chumvi ya mboga. Tusubiri.

(...) Nimekata video hapo, mtanisamehe. Umeme uliondoka kabla haijayeyuka, nikakaa saa mbili na kikombe cha moto kama mtu anayelinda mochwari. Jirani yangu sonara alinicheka sana. Yeye ana shalumo yake, bomba la moto wa gesi, dakika chache tu kazi imeisha, haombi umeme kwa mtu.

Haya, bonge letu hili hapa. Zuri, linang'aa. Mizani: 6.18. Majini: 0.40 tena. Gawanya... 15.45. Ileile! Karati 18 imeingia, karati 18 imetoka. Shaba na fedha bado zimo, hazikwenda popote. Kilichoondoka ni uchafu kidogo, na mhuri. Mhuri, bayaya! Asubuhi mkufu ulijisemea wenyewe "mimi ni 750." Sasa nina bonge bubu, na mnunuzi wa kwanza atakayelishika ataniambia hii ni karati 14, lete nikusaidie.

Kusafisha ni kazi nyingine kabisa. Sonara huongeza fedha kwanza, mpaka dhahabu ibaki kama robo ya mchanganyiko, ndipo asidi ya nitriki iweze kula fedha na shaba na kuacha unga wa kahawia. Unga huo ndio dhahabu. Moshi mwekundu wa asidi hiyo unaharibu mapafu, usijaribu chumbani watoto wakiwa wamelala.

Na kwa gramu sita, mbona usumbuke? Oktoba 2025 aunsi ya dhahabu, yaani gramu 31.1, ilipita dola 4,000. Gawanya kwa 31.1, gramu moja safi ilikuwa kama dola 128. Zidisha kwa 0.75, gramu ya karati 18 ilikuwa kama 96. Mnunuzi atakata faida yake, ni haki yake. Lakini fanya hesabu hiyo kwa bei ya siku, nenda kwa wanunuzi wa Nyawera, hapa Bukavu, ukiwa na namba yako kichwani, uzito umeandika kwenye karatasi yako, mhuri uko palepale.

Sasa, nisikidhulumu kitanuru. Mama mmoja alinitumia picha ya kopo lake: vipande vya pete, vifungo, mikufu ya karati tofauti, mingine haina mhuri. Huyo akiyeyusha pamoja, bonge lake linakuwa namna moja kote, na mnunuzi hawezi kuchagua kipande kibaya akapima kopo zima kwa hicho. Kwake yeye kinafaa. Kwa dola 140, hapana. Kwa 80, labda ningenyamaza.

Kuhusu chaneli: mmeniomba video ya asidi. Sonara amekubali, tutaipiga kwake uani, mlango wazi, upepo unatoka ziwani. Kwangu haiwezekani, mama watoto ameshanionyesha mwiko.