Walimpima baba moyo, hawakumuuliza kazi

Jumamosi nilimpeleka baba kwenye kliniki moja ya binafsi hapa Dar kwa kipimo kamili cha moyo: presha, sukari, lehemu (kolesteroli), umeme wa moyo, kisha dakika 20 na mshauri wa lishe. Shilingi 90,000.

Kwenye vipimo sina lawama. Muuguzi alimpumzisha kwanza, akampima presha mikono yote miwili, akarudia. Tuliingia saa mbili, saa tano majibu yote yalikuwa tayari, na daktari akayaeleza kwa Kiswahili mpaka baba akaelewa. Presha 168 kwa 100, iko juu.

Kwa mshauri ndiko nilikosononeka. Alitukabidhi karatasi iliyochapwa: acha nyama yenye mafuta, maini, chipsi, maandazi, punguza nazi. Sibishi, mafuta yanayoganda hupandisha lehemu, na lehemu huziba mishipa. Ila kwetu nyama ni ya Idi. Baba anabeba ugali na maharage kwenda lindoni, usiku anasukumia kahawa chungu. Ni mlinzi wa ghala, zamu ya saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, mwaka wa 14 huu. Mshahara ukichelewa miezi miwili, hana pa kuuliza. Mchana analala kwa saa tatu, nne zikizidi, chumba chenyewe bati tupu. Hayo yote hakuna aliyemuuliza.

Na kwamba kazi hugusa moyo si mambo ya kubuni. London, kuanzia 1967, utafiti wa Whitehall uliwafuatilia watumishi wa serikali wanaume zaidi ya 17,000. Wa ngazi ya chini kabisa, matarishi na walinzi wa milango, walikufa kwa maradhi ya moyo mara 3 hivi ya wakubwa wao. Sigara, presha na lehemu, hata zikiwekwa pamoja, hazikueleza nusu ya pengo hilo. Utafiti wa pili, ulioanza 1985, ukaonyesha kwamba asiye na sauti juu ya kazi yake huugua moyo zaidi. Walinzi wa milango! Niliposoma hapo nilimwona baba na tochi yake.

Vipimo nawapa nyota 5, ushauri nyota 2. Waongeze maswali matatu tu: unafanya kazi gani, unalala kwa saa ngapi, unadaiwa? Tumepangiwa kurudi baada ya miezi 3. Safari hiyo, kabla mshauri hajatoa karatasi yake, nitaanza mimi kumweleza habari za zamu.